Pumu ya Ngozi, Moyo na Mishipa ya Damu: Utangulizi

Mgonjwa wa pumu ya ngozi anapoingia kliniki, ombi lake huwa moja: muwasho uishe. Amejikuna usiku kucha, shuka zina madoa ya damu, ngozi ya ndani ya viwiko na nyuma ya magoti imekakamaa, na kesho anatakiwa kazini. Katika hali hiyo, mhudumu anayemuuliza habari za presha, uvutaji wa sigara na ndugu waliopata kiharusi anaweza kuonekana ametoka nje ya mada. Utangulizi huu unaeleza kwa nini maswali hayo yana mahali pake. Wapo watafiti, hasa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambao kwa miaka kadhaa sasa wamekuwa wakiuliza: je, wenye pumu ya ngozi, ambayo wengi huiita pia ekzema, wamo katika hatari zaidi ya kupata shambulio la moyo, kiharusi au moyo kushindwa kusukuma damu? Kama wamo, ni akina nani hasa, na hatari hiyo inapita njia gani?

Nimewaandikia wanafunzi wa udaktari na uuguzi, matabibu wanaohudumia ngozi katika hospitali za wilaya, na msomaji yeyote anayeishi na ugonjwa huu au anayemlea anayeishi nao. Karibuni nyote. Uwanja huu bado ni mchanga, hoja zake nyingi hazijafungwa, na mtu anayeanza leo anaweza kuufahamu vizuri kwa muda mfupi akielekezwa mahali pa kutazama. Mahali penyewe ni ukali wa ugonjwa. Hatari ya moyo ni ndogo, pengine haipo kabisa, kwa mwenye pumu ya ngozi ya kawaida. Inaanza kuonekana kwa yule ambaye ugonjwa wake ni mkali au hautulii mwaka hadi mwaka. Anayelishika hilo hatapotea katika tafiti zinazoonekana kupingana.

Ugonjwa wenyewe

Pumu ya ngozi ni ugonjwa wa muda mrefu unaokuja na kuondoka. Katika nchi za kipato cha juu huwapata hadi asilimia 20 ya watoto na hadi asilimia 10 ya watu wazima. Mara nyingi huanza utotoni, na katika familia nyingi hufuatana na pumu ya kifua au mafua ya mzio. Mambo mawili hukutana ndani yake: ngozi isiyoweza kujikinga ipasavyo, na mfumo wa kinga unaochachamaa kupita kiasi.

Ngozi yenye afya hufanana na paa la makuti lililoezekwa vizuri: maji ya ndani hayatoki ovyo na uchafu wa nje hauingii. Katika pumu ya ngozi paa hilo linavuja. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, wakiongozwa na Irwin McLean, walionyesha kwamba kasoro katika jeni ya filagrini, protini inayosaidia kuimarisha tabaka la juu la ngozi, ni sababu kubwa ya ugonjwa huu kwa watu wa Ulaya. Ngozi iliyokauka na kupasuka hupitisha vijidudu na vichochezi vya mzio. Seli za kinga huitikia kwa kumwaga kemikali za kupashana habari, zikiwamo interleukini ya 4, ya 13 na ya 31. Hiyo ya 31 huchochea mishipa ya fahamu ya ngozi, na mtu huwashwa. Akijikuna, tabaka la juu huharibika zaidi, na mzunguko huanza upya.

Kwa ngozi nyeusi, ugonjwa huu unahitaji jicho lililozoea. Vitabu vingi vinasema ngozi huwa nyekundu, lakini wekundu huo hujificha. Kinachoonekana ni rangi ya kijivu, zambarau au weusi uliozidi wa ngozi inayozunguka. Mara nyingi hutokea vipele vidogo vilivyojipanga kwenye vinyweleo, na ukipitisha kidole unahisi mparuzo kabla hujaona kitu. Pale panapokunwa kwa miaka, ngozi hunenepa na mistari yake ya kawaida huchimbika zaidi. Anayetafuta wekundu peke yake ataandika "ugonjwa mdogo" kwenye faili la mtu ambaye ugonjwa wake ni mkali. Kwa kuwa hoja yetu yote inategemea ukali, kosa hilo huanza na jicho na kuishia kwenye takwimu.

Njia tatu kutoka ngozini hadi moyoni

Njia ya kwanza ni mchochota, yaani ile hali ya mwili kuvimba na kupata joto pale kinga inapopigana. Zamani mishipa ya damu kuziba kwa mafuta ilielezwa kana kwamba ni mafuta tu yanayogandamana ukutani. Leo tunajua kwamba seli za kinga zinashiriki tangu hatua za mwanzo: huingia kwenye ukuta wa mshipa, humeza mafuta, huvimbisha eneo lile, na mwishowe huchangia kupasuka kwa utando unaofunika mafuta hayo. Damu huganda papo hapo na mshipa huziba. Ushahidi mzito ulipatikana mwaka 2017, katika jaribio la dawa ya kanakinumabu lililoongozwa na Paul Ridker wa Boston. Watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo, na ambao damu yao ilionyesha dalili za mchochota, walipewa ama dawa inayozuia interleukini ya 1 beta ama sindano isiyo na dawa. Kwa kipimo cha miligramu 150, mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa takriban asilimia 15, ingawa kiwango cha mafuta katika damu hakikushuka. Kuutuliza mchochota peke yake kulilinda mishipa.

Hapo tusikimbilie hitimisho. Kemikali zinazotawala katika pumu ya ngozi ni za tawi lingine la kinga. Kwamba tawi moja likitulizwa moyo unanufaika hakuthibitishi kwamba tawi jingine likichachamaa moyo unadhurika. Njia hii inaingia akilini, lakini kwa ugonjwa huu bado ni dhana inayopimwa.

Njia ya pili ni maisha yenyewe ya mtu anayewashwa. Kwa kawaida, mtu akilala presha hushuka kwa asilimia 10 au zaidi, na moyo hupata nafuu yake ya kila siku. Anayeamka mara kwa mara kujikuna huikosa nafuu hiyo. Jasho likigusa ngozi iliyochubuka huchoma, kwa hiyo wengi huacha kukimbia, kucheza mpira, hata kutembea juani. Uzito huongezeka. Sonona na wasiwasi huwapata wagonjwa hawa zaidi kuliko wengine, na baadhi yao hutafuta faraja kwenye sigara au pombe. Hakuna kati ya haya kinachohitaji maelezo ya kitaalamu ya molekuli. Yote yanajulikana kuumiza moyo.

Njia ya tatu ni dawa. Vidonge vya prednisoloni hutuliza ngozi upesi, na kwa sababu hiyo wagonjwa huvipenda. Vikinywewa kwa miezi, hupandisha presha, sukari na uzito. Siklosporini, inayotumika kwa ugonjwa mkali, hupandisha presha na kuweza kudhuru figo. Steroidi za kupaka ni salama zikitumiwa kwa maelekezo, na hakuna sababu ya mzazi kuziogopa. Hatari iko kwenye steroidi kali kama klobetasoli, zinazopakwa mwili mzima kwa miaka bila usimamizi. Afrika Mashariki tunalijua hilo kutokana na mkorogo: krimu za kujichubua ambazo baadhi yake zimechanganywa na dawa hiyo. Steroidi hupenya ngozini, huingia katika damu, na mtumiaji anaweza kuvimba uso, kupata presha na kisukari bila kujua chanzo.

Dawa mpya nazo zina somo lake. Dupilumabu, sindano inayozuia ishara za interleukini ya 4 na ya 13, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017. Baadaye vikaja vidonge vinavyozuia vimeng'enya vya kundi la JAK, na Januari 2022 upadasitinibu na abrositinibu vikaidhinishwa huko kwa pumu ya ngozi. Miezi michache kabla, Septemba 2021, mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuwa imeagiza onyo kali liwekwe kwenye dawa za kundi hilo. Sababu ilikuwa jaribio la tofasitinibu kwa wagonjwa wa baridi yabisi wenye miaka 50 na zaidi, waliokuwa tayari na angalau kihatarishi kimoja cha moyo. Kati yao yalionekana mashambulio ya moyo, viharusi na damu kuganda zaidi kuliko kwa waliotumia dawa za kundi jingine. Wagonjwa wa ngozi wengi ni vijana na hawafanani na hao, lakini tangu hapo daktari wa ngozi hawezi kuandika dawa hizo bila kuuliza habari za moyo.

Tafiti zinasemaje

Uwanja huu ulifunguliwa na ugonjwa mwingine. Mwaka 2006 Joel Gelfand na wenzake wa Philadelphia, wakitumia kumbukumbu za wagonjwa wa Uingereza, walionyesha kwamba wenye soriasi, hasa vijana wenye soriasi kali, hupata shambulio la moyo zaidi ya wenzao. Swali likafuata lenyewe: na pumu ya ngozi je?

Majibu ya mwanzo yaligongana. Mwaka 2015 Jonathan Silverberg wa Chicago alichapisha uchambuzi wa tafiti tatu za kitaifa za Marekani, ambamo watu wazima waliosema wana ekzema walitaja magonjwa ya moyo zaidi ya wengine. Mwaka uliofuata timu ya Denmark iliona ongezeko la hatari, lakini sehemu kubwa yake ikayeyuka walipozingatia sigara, hali ya maisha, magonjwa mengine na dawa. Mwaka 2017 Aaron Drucker na wenzake walichunguza Wakanada zaidi ya 250,000 na hawakuona ongezeko la mashambulio ya moyo wala viharusi. Msomaji wa haraka angesema wanasayansi hawaelewani.

Utafiti ulioleta mwanga ulitoka London mwaka 2018, katika jarida la BMJ. Richard Silverwood, Sinéad Langan na wenzao wa chuo cha afya ya jamii na tiba ya nchi za joto cha London walichukua kumbukumbu za hospitali na zahanati za Uingereza za kati ya mwaka 1998 na 2015. Walikuwamo watu wazima zaidi ya 387,000 wenye pumu ya ngozi, wakalinganishwa na wengine zaidi ya milioni 1.5 wa umri na jinsia ileile wasio nayo. Tofauti kubwa ya utafiti huu ni kwamba wagonjwa hawakuwekwa wote kapu moja. Waligawanywa kwa ukali, na kwa muda ambao ugonjwa ulikuwa hai.

Hapo picha ikatulia. Kwa wenye ugonjwa mdogo, ongezeko lilikuwa dogo mno au halikuwapo. Kwa wenye ugonjwa mkali, hatari ya kiharusi ilikuwa juu kwa takriban asilimia 20. Ile ya shambulio la moyo, maumivu ya kifua yasiyotulia, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na kifo cha moyo ilikuwa juu kwa asilimia 40 hadi 50, na ya moyo kushindwa kusukuma damu kwa takriban asilimia 70. Wale ambao ugonjwa ulikuwa hai zaidi ya nusu ya muda waliofuatiliwa nao walikuwa katika hatari zaidi. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliounganisha tafiti nyingi ulielekea huko huko: hatari hupanda na ukali. Tafiti ambazo hazikuona kitu, kwa sehemu kubwa, zilikuwa zimechanganya wagonjwa wachache wa ugonjwa mkali na wengi wa ugonjwa mdogo, na ishara ya wachache ikamezwa.

Jinsi ya kusoma namba hizi

Anayeingia uwanjani humu ajizoeze mambo matatu kabla ya kuamini namba yoyote.

Kwanza, aulize asilimia ni ya nini. Asilimia 70 inatisha ikisimama peke yake. Tuchukue mfano wa kufikirika: ikiwa kati ya watu 1,000 wa rika fulani 10 wangepata tatizo la moyo kushindwa kusukuma damu katika kipindi fulani, ongezeko la asilimia 70 linawafikisha 17. Watu 983 hawatalipata. Saba walioongezeka ni binadamu kamili na wanastahili kukingwa, lakini mgonjwa aliye mbele yako ana haki ya kusikia namba zote mbili.

Pili, aulize ukali ulipimwaje. Katika utafiti wa London hakuna aliyewatazama wagonjwa ngozi. Ukali ulikisiwa kutokana na matibabu: aliyepewa dawa za kushusha kinga, tiba ya mwanga au rufaa kwa daktari wa ngozi alihesabiwa mkali. Njia hiyo ni ya busara palipo na kumbukumbu za mamilioni, ila humwacha nje mtu anayeteseka nyumbani bila kupata rufaa.

Tatu, atofautishe kinachovuruga na kinachounganisha. Umaskini unaweza kuzidisha pumu ya ngozi na pia kuumiza moyo, kila kimoja kwa njia yake. Hicho ni kivurugi, na lazima kiondolewe katika hesabu. Lakini kama muwasho unamnyima mtu usingizi, kukosa usingizi kunapandisha presha, na presha inaleta kiharusi, basi presha ni daraja ambalo hatari imepita juu yake. Ukiiondoa katika hesabu kana kwamba ni kivurugi, utatangaza kwamba ngozi haina hatia huku umebomoa daraja lenyewe. Sehemu ya ugomvi wa Denmark, Canada na Uingereza imo humu. Anayesoma makala za uwanja huu afungue kwanza jedwali linaloonyesha nini kilizingatiwa, ndipo asome hitimisho.

Kwetu Afrika

Tafiti nilizozitaja zimefanywa kwa watu ambao wengi wao ni wenye asili ya Ulaya, katika nchi zenye kumbukumbu za kila aliyeandikiwa dawa. Hatuwezi kuyahamisha majibu yao kama yalivyo. Kasoro za filagrini zilizo nyingi Ulaya hazikuonekana kwa wingi kwa wagonjwa waliochunguzwa Ethiopia, wala kwa Waxhosa wa Afrika Kusini, kwa hiyo hata mzizi wa ugonjwa unaweza kutofautiana.

Upande wa moyo na mishipa nao una sura yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba magonjwa haya yaliua watu milioni 17.9 mwaka 2019, karibu theluthi moja ya vifo vyote duniani. Tanzania, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 na timu ya Richard Walker ulikuta viharusi vipya takriban 109 kwa mwaka kwa kila watu 100,000 wilayani Hai, na 316 jijini Dar es Salaam, baada ya kurekebisha tofauti za umri. Viwango hivyo, hasa vya jijini, ni vya juu, na presha isiyotibiwa ni mshukiwa mkuu. Mtu ambaye tayari anaishi penye presha nyingi isiyogunduliwa, kisha akaongezewa ugonjwa mkali wa ngozi na vidonge vya prednisoloni alivyonunua dukani, ndiye ambaye tafiti za Ulaya hazikumwona.

Kilomita chache kutoka Hai, mjini Moshi, ndani ya hospitali ya KCMC, kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya ngozi ambacho kwa miongo kadhaa kimewafundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Maswali ya uwanja huu yanangoja watu wa sehemu hizi mbili wakae meza moja. Kijana anayetafuta mada ya utafiti angeweza kuanza na jambo rahisi: kupima presha, uzito na sukari ya kila mgonjwa mzima wa pumu ya ngozi anayefika kliniki kwa mwaka mmoja, akiandika ukali wa ugonjwa kwa kipimo kinachofaa ngozi nyeusi na dawa zote alizotumia, zikiwamo za kupaka alizopewa na jirani.

Kwa anayehudumia leo

Wakati utafiti ukiendelea, kliniki haiwezi kungoja. Hakuna ushahidi unaodai kwamba kila mwenye pumu ya ngozi apelekwe kwa daktari wa moyo, na kufanya hivyo kungewatisha watu na kuwamalizia nauli. Kinachodaiwa ni kwamba mgonjwa mzima mwenye ugonjwa mkali au usiotulia asitoke chumbani bila kupimwa presha. Akae kitako kwa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili sakafuni bila kupishana. Chagua mkono usio na vidonda kwenye kiwiko, vua shati badala ya kukunja mkono wa nguo, weka mkono mezani usawa wa moyo, na tumia kitambaa cha kipimo kinachoendana na unene wa mkono wake. Pima mara mbili. Ukikuta 140 kwa 90 au zaidi, mpangie arudi kupimwa tena siku nyingine. Kisha uliza habari za sigara, usingizi, uzito, ndugu wenye kiharusi, na kila kidonge na krimu anayotumia.

Maneno ya kumweleza yawe mepesi. Unaweza kumwambia: "Mama, ugonjwa wako wa ngozi haumaanishi kwamba moyo wako ni mgonjwa. Lakini kwa kuwa umekusumbua sana na kwa muda mrefu, nataka tuiangalie presha yako kila unapokuja. Tukiituliza ngozi ukalala vizuri, na presha ikakaa sawa, mwili wako wote utanufaika." Kwamba kuituliza ngozi kunapunguza mashambulio ya moyo bado hakujathibitishwa, na tusiahidi hivyo. Kwamba kutibu presha kunazuia viharusi kumethibitishwa pasipo shaka.

Nawe msomaji mwenye pumu ya ngozi, usilale na hofu kwa sababu ya kurasa hizi. Paka mafuta yako kila siku, usinywe vidonge vya steroidi bila daktari, kataa krimu usiyojua imechanganywa nini, acha sigara, na mara ijayo ukienda kliniki ya ngozi, omba upimwe presha. Ni haki yako, na haichukui hata dakika 10.